Kazi ya Kompyuta Inapopewa Mkandarasi: Ujuzi Huenda Wapi?

Shule, benki, hospitali na wizara hazifanani kwa shughuli zao, lakini zote zinapoanza kutumia kompyuta hukutana na swali lile lile: je, kazi ya kuandika programu, kutunza mitambo na kulinda kumbukumbu ifanywe na waajiriwa wa ndani, au ipewe kampuni ya nje kwa mkataba? Aghalabu swali hili huulizwa na mhasibu na kujibiwa kwa tarakimu za gharama. Makala hii inalitazama kwa upande mwingine, yaani upande wa maarifa. Kazi inapotoka nje ya ofisi, ujuzi wa kuifanya huenda wapi? Na kiongozi aliyebaki na mkataba mkononi hutumia kitu gani kuisimamia kazi asiyoifahamu?

Hapana budi kueleza maana kwanza. Kuitoa kazi nje si sawa na kununua mtambo. Anayenunua jenereta hupokea kitu kilichokamilika. Anaweza kukiwasha mbele ya muuzaji na kuona taa zikiwaka kabla hajalipa. Anayetoa kazi ya kompyuta hununua huduma itakayotendwa kesho na mwaka kesho, nayo haina mwisho, kwa kuwa programu hulazimika kubadilika kila mara sheria, kodi au mtaala unapobadilika. Kazi yenyewe pia si ya aina moja. Yuko anayeendesha mitambo usiku na mchana, yuko fundi anayeitengeneza, yuko mwandishi wa programu, na yuko mchanganuzi anayekaa na watumiaji na kuwauliza wanataka nini hasa. Nyuma ya hao wote yuko mtu ambaye orodha za vyeo humsahau: yule ajuaye kwa nini mambo yalipangwa hivi na si vile. Huyo wa mwisho ndiye atakayefuatwa katika kurasa hizi.

NUSU YA ALAMA MOJA

Ichukuliwe shule ya kubuni yenye wanafunzi 120 wa kidato cha nne, kila mmoja akifanya masomo 9. Mtihani mmoja wa majaribio huzaa alama 1,080. Kwa miaka mingi mwalimu wa taaluma alizikokotoa alama hizo mwenyewe kwa karatasi na kikokotoo, akisaidiwa na wenzake wawili. Kazi ilichukua wiki nzima. Hatimaye mkuu wa shule akampata kijana mjini, mwenye duka la kompyuta, aliyeandika programu na kuahidi matokeo kwa siku moja. Ahadi ikatimia. Bei ilikuwa nafuu, karatasi zikatoka safi, na walimu wakairudia wiki yao ya kufundisha. Hakuna wa kumlaumu mkuu wa shule kwa uamuzi huo.

Mwaka wa tatu mwalimu wa taaluma akahamishwa. Muhula huo mwanafunzi mmoja alipata wastani wa 64.5 katika Fizikia. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Tanzania, alama 65 hadi 74 ni B, na alama 45 hadi 64 ni C. B ina pointi 2 na C ina pointi 3, na daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 ni daraja la pili. Mwanafunzi huyo alikuwa na pointi 15 katika masomo mengine 6, na masomo mawili yaliyobaki alipata D. Basi kama 64.5 ni B, ana pointi 17 na daraja la kwanza. Kama ni C, ana pointi 18 na daraja la pili.

Mwalimu wa zamani alikuwa na desturi ya kuipandisha nusu. Hakuiandika popote, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na kwake lilikuwa jambo la wazi kama mchana. Programu ya kijana wa mjini ilifanya vingine. Lugha kadhaa za programu, zikiagizwa kukadiria nusu, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu: 64.5 huwa 64, lakini 65.5 huwa 66. Kanuni hiyo ina sababu yake nzuri katika takwimu, maana huzuia jumla ya namba nyingi isielemee upande mmoja. Lakini si kanuni ya shule ile. Mzazi alipokuja kuuliza, mwalimu mpya alimpigia simu kijana, naye akajibu kwa unyofu kwamba ndivyo kompyuta ilivyotoa. Hapakuwa na mwongo wala mvivu katika jambo hilo. Palikuwa na swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu, kwa sababu aliyeijua kanuni hakuijua programu, na aliyeijua programu hakujua kwamba iko kanuni.

Hata hivyo shule hiyo ilikuwa na bahati, kwa kuwa mzazi alikuja. Kosa la aina hii kwa kawaida hukaa kimya, maana tangu kazi ilipotoka nje hakuna tena mkono uliozikokotoa alama, na kwa hiyo hakuna jicho lililozoea kuziona zikiwa sawa.

MAARIFA YALIYOMO KICHWANI

Mwaka 1985 mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, Peter Naur, alichapisha makala iliyolieleza tatizo hili kwa upana wake. Hoja yake ni kwamba kuandika programu si kuzalisha maandishi, bali ni kujenga nadharia: ufahamu kamili, uliomo vichwani mwa waandishi, wa namna shughuli za ulimwengu zinavyohusiana na kila sehemu ya programu, na wa sababu za kila sehemu kuwa kama ilivyo. Maandishi ya programu na vitabu vya maelezo haviwezi kuubeba ufahamu huo wote. Kwa hiyo, kwa mtazamo wa Naur, programu hufa kundi lenye nadharia yake linapotawanyika, hata kama mashine zinaendelea kuiendesha kila siku. Kuifufua kwa kusoma maandishi peke yake ni kazi ngumu, yenye gharama, na isiyofaa kujaribiwa ila pale panapokosekana njia nyingine.

Wenyeji wa mwambao wa Afrika Mashariki hawatalishangaa wazo hili. Fundi wa majahazi wa Lamu au Pemba huunda chombo bila mchoro. Anayenunua jahazi hanunui kipimo cha jicho la fundi. Na mtoto wa fundi hakipati kipimo hicho kwa kusimuliwa, bali kwa kushika tezo miaka mingi kando ya baba yake. Pengine Naur alizidisha kidogo, kwa kuwa maelezo yaliyoandikwa vizuri husaidia kuliko alivyokubali, na mkataba wowote wa maana unapaswa kuyadai. Lakini kiini cha hoja yake kimesimama: maarifa ya kazi hukaa kwa yule anayeifanya kazi, na mwenye kazi asipoifanya kabisa, maarifa hayo humwondokea polepole bila kupiga hodi.

KWA NINI KAZI HUTOLEWA

Isidhaniwe kwamba kila atoaye kazi nje amekosea. Mwaka 1937 mchumi Mwingereza Ronald Coase aliuliza swali lililoonekana la kitoto: ikiwa kila huduma inaweza kununuliwa sokoni, kwa nini makampuni huajiri watu? Jibu lake ni kwamba kulitumia soko kwenyewe kuna gharama. Kuna kutafuta bei, kujadiliana, kuandika mkataba, na kuhakikisha kilichoahidiwa ndicho kilicholetwa. Gharama hizo zikiwa ndogo kuliko za kuajiri na kuongoza watu ndani, ni busara kununua. Zikiwa kubwa, ni busara kujifanyia. Shule yenye kompyuta 20 haina haja ya kuajiri fundi wa mwaka mzima. Hospitali inayobadilisha mfumo wake mara moja katika miaka kumi haina haja ya kubaki na timu kubwa ya ujenzi baada ya ujenzi kwisha.

Biashara ya kuuza huduma za namna hii ni ya zamani. Ross Perot, aliyekuwa mwuzaji wa kompyuta wa kampuni ya IBM, alianzisha kampuni ya EDS mjini Dallas mwaka 1962 ili kuwafanyia wengine kazi za kompyuta kwa mkataba. Lakini kwa miaka mingi makampuni makubwa yaliona fahari kuwa na idara zake ya kompyuta yenyewe. Mambo yalibadilika mwaka 1989, kampuni ya Kodak ilipoamua kukabidhi vituo vyake vya kompyuta kwa IBM na mawasiliano yake kwa wengine. Kodak haikuwa kampuni maskini, na wakurugenzi wengine walipoona hivyo walijiuliza kwa nini wao waendelee kujibebesha mzigo. Waandishi wa mambo ya uongozi waliuita mwigo huo athari ya Kodak.

Kosa katika hesabu nyingi za wakati ule, na za leo, ni dogo kulitaja lakini kubwa kwa matokeo. Mkurugenzi huandika upande mmoja mishahara atakayoiokoa, na upande wa pili bei ya mkandarasi. Gharama ya kukagua, ambayo Coase aliitaja miaka hamsini kabla, huachwa. Au huandikwa kama mshahara wa ofisa mmoja wa mikataba, aliyesomea sheria au uhasibu, ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu. Ofisa huyo anaweza kujua kama barua imefika kwa tarehe iliyokubaliwa. Kama yaliyomo ndani ya barua ni kweli, hawezi kujua.

BENKI YA TSB, APRILI 2018

Mfano ulio wazi kupita mingi, kwa kuwa ulichunguzwa kwa kina na ripoti zake zikatolewa hadharani, ni ule wa benki ya TSB ya Uingereza. Benki hiyo ilitokana na kundi la Lloyds, na mwaka 2015 ikanunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania. Baada ya kununuliwa iliendelea kuitumia mitambo ya Lloyds kwa malipo. Uongozi ukaamua kuwahamisha wateja wapatao milioni 5 kwenda katika mfumo mpya, na kazi ya kuujenga na kuuendesha ikapewa SABIS, kampuni ya kompyuta iliyo chini ya Sabadell. SABIS nayo haikuifanya yote. Iliigawa kwa wakandarasi wa chini, ambao idadi yao ilifika 85.

Uhamisho ulifanyika mwisho wa juma, tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018. Data zenyewe zilihama salama. Lakini mfumo ulipofunguliwa kwa wateja ulishindwa kubeba kazi. Watu wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao kwa njia ya mtandao, malipo yalikwama, na wezi wa mitandaoni waliitumia fujo ile kuwalaghai waliokuwa wakihangaika. Mambo hayakurudi katika hali ya kawaida hadi Desemba mwaka ule. Benki ililipa fidia ya pauni milioni 32.7 kwa wateja, mkurugenzi mkuu aliondoka, na mwezi Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, jambo la kuangaliwa zaidi ni majaribio. Mfumo ule ulikuwa na vituo viwili vya data vilivyopaswa kufanya kazi kwa pamoja, kila kimoja kikibeba sehemu ya mzigo. Kabla ya kufungua mfumo wa namna hiyo, wataalamu huujaribu kwa mzigo wa kuigiza: maelfu ya wateja wa bandia hutumwa kwa wakati mmoja ili ionekane mitambo inaelemewa wapi. Jaribio hilo lilifanywa katika kituo kimoja tu kati ya viwili. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili aliyefundishwa kufanya jaribio maabara anaona kasoro mara moja. Matokeo ya kituo cha kwanza hayasemi lolote juu ya kituo cha pili, mpaka ihakikishwe kwamba viwili hivyo vinafanana kwa kila kitu. Na kuhakikisha huko ndiko kunakohitaji jaribio.

Swali la kumwuliza mkandarasi lilikuwa fupi, yaani mmejaribu vituo vyote viwili? Lakini ili mtu auliza swali hilo, ni lazima ajue kwamba viko viwili, kwamba vinagawana mzigo, na kwamba kujaribu kimoja ni njia rahisi ambayo mtu aliyebanwa na muda atavutwa kuifuata. Maarifa hayo hayapatikani katika kitabu cha mikataba. Huyapata mtu aliyewahi kubanwa na muda yeye mwenyewe.

Liko jambo la pili, ambalo ni la lugha. Wiki chache kabla ya uhamisho, SABIS iliiandikia TSB kuthibitisha utayari wake. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba uthibitisho huo, kwa sehemu, ulikuwa ni matarajio ya kwamba kazi zilizosalia zingekwisha kwa wakati. Tofauti kati ya mitambo imekaguliwa na mitambo itakaguliwa ni ya silabi moja tu, -me- na -ta-, lakini ndani ya silabi hiyo wateja milioni 5 walikuwa wamesimama. Mwezi Aprili 2023 ofisa aliyekuwa mkuu wa idara ya kompyuta ya TSB alitozwa faini yake binafsi, pauni 81,620, kwa kutochukua hatua za kutosha za kumsimamia mkandarasi. Wasimamizi hawakumwadhibu kwa kuitoa kazi nje. Walimwadhibu kwa kuupokea uthibitisho bila kuudai msingi wake, na hukumu hiyo ni ya haki, ingawa si rahisi kuamini kwamba mtu mmoja peke yake angeweza kuwafuata wakandarasi 85.

NGAZI ILIYOKATWA VIPAGO VYA CHINI

Mfano wa TSB ulikwisha kwa miezi minane. Hasara nyingine huchukua miaka kumi au ishirini kuonekana, nayo ni ya ujuzi.

Mtaalamu wa kompyuta haanzi kwa kubuni mfumo wa benki. Huanza kwa kazi ndogo: kutafuta kosa katika ripoti, kubadilisha kiwango cha kodi katika programu ya zamani, kupokea simu za watumiaji usiku mtambo unapogoma. Kazi hizo hazina heshima, lakini ndizo vipago vya ngazi. Kwa kuzifanya kijana hujifunza mfumo unavunjikia wapi, na baada ya miaka mitano au kumi huwa ndiye mchanganuzi ambaye kila mtu humtegemea. Sasa, kazi zinazotolewa nje kwanza ni hizo hizo ndogo, kwa kuwa ndizo rahisi kuzieleza katika mkataba na ndizo zenye bei ya chini. Uongozi hujisifu kwamba umebaki na kazi kubwa za kubuni na kuamua. Wanaozifanya kazi hizo kubwa wapo, wana umri wa miaka hamsini, na hakuna wasiwasi. Watakapostaafu, mwajiri atageuka nyuma na kukuta kwamba hakuna aliyepanda, maana vipago vya chini vilikwisha kukatwa.

Idara ya kodi ya Uingereza iliipitia njia hiyo. Mwaka 1994 iliikabidhi kazi yake ya kompyuta kwa EDS, na wafanyakazi wapatao 2,000 wakahamia kwa mkandarasi. Maarifa ya mifumo ya kodi yalihama pamoja nao, kama ambavyo Naur angetabiri. Mwaka 2003 mfumo mpya wa nafuu za kodi uliotengenezwa na EDS ulianza vibaya na kuzikosesha au kuzizidishia malipo familia nyingi. Ugomvi ulimalizwa mwaka 2005 kwa EDS kukubali kulipa pauni milioni 71.25. Wakati huo mkataba ulikwisha kupewa kundi lililoongozwa na Capgemini, tangu mwaka 2004. Mwaka 2015 Serikali iliunda kampuni yake yenyewe ili kuanza kuzirudisha kazi hizo ndani. Tangu kutoa hadi kuanza kurudisha ilipita miaka 21, muda unaotosha mtoto kuzaliwa na kumaliza chuo kikuu.

Ni haki kuongeza kwamba ujuzi unaoondoka mahali pamoja haupotei duniani. Hukua kule kazi inakofanyika. Tata Consultancy Services ilianzishwa India mwaka 1968, na katika miaka ya 1990 makampuni ya Ulaya na Marekani yalipotafuta watu wa kusahihisha tarehe katika programu zao kabla ya mwaka 2000, wahandisi wa India walilipwa kuyasoma maandishi ya programu za mabenki na makampuni ya bima, mstari kwa mstari. Ni vigumu kufikiria shule bora kuliko hiyo. Lakini si kila anayepokea kazi ya nje hupata shule. Vijana wa Nairobi wanaolipwa kwa saa kuweka alama kwenye picha ili kufundisha mitambo ya akili bandia ya makampuni ya ng'ambo hufanya kazi ya kweli na ya lazima. Hata hivyo hawaoneshwi mtambo wenyewe, na baada ya mwaka mzima wa kazi wanajua kidogo sana juu yake kuliko walivyojua siku ya kwanza. Anayepokea kazi hana budi kuuliza kama vile anavyouliza anayeitoa: sehemu hii inafundisha nini?

HAZINA YA TANZANIA

Tanzania ina historia yake katika jambo hili, nayo haifahamiki vya kutosha shuleni. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ulifanywa mpango wa kuziingiza hesabu za Serikali katika kompyuta. Kazi ya kubuni mfumo na kuandika programu ilishikwa zaidi na wataalamu wa kigeni. Wananchi waliofunzwa kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mfumo haukufaulu, na Hazina ikalazimika kuzirudia njia za awali za kutunza hesabu. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Uhaba wa fedha za kigeni ulikuwa na sehemu yake, lakini jeraha la Hazina lilikumbukwa pia.

Marufuku ile inaweza kueleweka, na wala haikustahili kebehi iliyopata baadaye kwa wasioujua ule mwanzo. Hata hivyo dawa haikulingana na ugonjwa. Tatizo lilikuwa ni kutegemea ujuzi wa watu wa nje. Na kuizuia mitambo isiingie kulimaanisha kwamba vijana wa ndani nao hawangepata mahali pa kuupatia ujuzi huo. Marufuku ililegezwa kwa vibali na hatimaye ikaondolewa, na nchi ikaanza upya ikiwa na wataalamu wachache.

Mwaka 1998 Hazina ilianza kutumia mfumo wa hesabu ulionunuliwa, wa kampuni ya Marekani iliyokuja kuitwa Epicor. Safari hii mambo yalikuwa mazuri zaidi. Mfumo ulidumu miaka mingi, na waliouendesha walijifunza kwa kuuendesha. Ndipo mwaka 2017 ukaanza mfumo wa malipo ya Serikali uliobuniwa na kuandikwa na wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe. Kila mwananchi anaufahamu, hata kama halijui jina lake, kwa ile kumbukumbu namba ya malipo ambayo mitaani huitwa kontroo namba. Baadaye Epicor nayo ilipokewa nafasi na Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, uliojengwa nyumbani vile vile. Wakala wa Serikali Mtandao ulioanza mwaka 2012 ukafanywa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019.

Haya si maneno ya kusifu tu. Kazi inayofanywa ndani ina hatari zake, na iliyo kubwa ni kwamba nadharia ya mfumo inaweza kukaa vichwani mwa watu watano, ambao benki yoyote inaweza kuwaita kwa mshahara mara mbili. Kwa hesabu ya Naur, mfumo wa nyumbani hufa sawasawa na wa kigeni watu wake wakitawanyika. Tofauti ni kwamba Hazina, ikitoa leo sehemu ya kazi hiyo kwa mkandarasi, inao watu wanaoweza kuyasoma majibu yake na kuona kasoro.

KINACHOPASWA KUBAKI

Mwaka 1998 watafiti David Feeny na Leslie Willcocks walitaja uwezo wa aina 9 ambao taasisi haina budi kuushika hata ikitoa kazi zake nyingi nje. Mwingi ni ule ambao kila mkurugenzi angeutaja: uongozi, kuelewa shughuli, kununua kwa ufahamu, kuchunga mkataba. Lakini mmojawapo ni wa mafundi hasa, yaani watu wa ndani wenye uwezo wa kuingia katika mtambo na kuufanya ufanye kazi. Huo ndio unaokatwa kwanza bajeti inapobana, kwa kuwa huonekana ni kumlipa mtu afanye kazi ambayo mkandarasi amekwisha kulipwa. Kwa hakika mtu huyo ndiye kipimo. Mwenye duka la nafaka hahitaji kulima, lakini hauzi kwa mizani ya mteja.

Mizani hiyo inaweza kutengenezwa hata shuleni, kwa vipindi viwili vya Hisabati. Darasa lichague wanafunzi 10 kati ya 120, lakini si kwa bahati nasibu tu. Wawemo wa 64.5 na wa 65.5, awemo aliyekosa mtihani mmoja kwa ugonjwa, wawemo wawili wenye jina moja, na awemo aliyefanya masomo 7 tu. Kundi la kwanza likokotoe pointi na daraja la kila mmoja kwa mkono, likiandika kando kila kanuni inayotumika, pamoja na zile zinazoonekana ni za wazi mno kuandikwa. Kundi la pili lizipeleke alama za wanafunzi wote 120 kwa anayeendesha programu, bila kumwambia ni 10 gani watakaokaguliwa. Karatasi ya majibu ya mkono ifungiwe kabatini kabla programu haijaendeshwa, na ufunguo ashike mwalimu, ili asitokee mtu wa kuirekebisha baada ya kuona jibu la kompyuta.